Uzee Mwisho Chalinze. Na Sisi wa Kashai Je?

Upo msemo uliozagaa nchini Tanzania hata hauna tena mwenyewe: "Uzee mwisho Chalinze." Kwa msomaji aliye mbali, Chalinze ni mji mdogo wa mkoa wa Pwani, yapata kilomita 100 kutoka Dar es Salaam, pale njia ya Morogoro inapoachana na njia ya kwenda Tanga na kaskazini. Msemo wadai kwamba msafiri aendaye Dar es Salaam akifika hapo huuteremsha uzee wake kama mzigo uliozidi kipimo, akaingia mjini kijana. Huko mbele hakuna mzee. Mwenye mvi hupaka piko, mwenye miaka 70 huitwa beibi, na anayethubutu kumwamkia mwenzake shikamoo hutazamwa kama aliyetukana.

Mimi ni mkazi wa Kashai, katika Manispaa ya Bukoba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kutoka hapa hadi Chalinze ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ukiufuata msemo huo neno kwa neno, sisi tumo ndani kabisa ya himaya ya uzee, wala hatuna kituo cha karibu cha kuushushia. Jambo hili nimelipokea kwa moyo mkunjufu. Hoja yangu ya leo ni nyepesi kuisema, japo kuitenda ni kazi: uzee una upande wake wa kicheko, Kiswahili kimeuhifadhi upande huo vizuri, lakini sisi washairi tumeupa kisogo. Tumewaandikia wazee maombolezo, tumeandika wosia kwa vinywa vyao, na vicheko vyao tumevinyamazia. Kunyamaza huko kuna gharama, na nitaieleza.

Nianze na lugha yenyewe. Kiswahili humwita aliyevuka ujana "mtu mzima", na kadiri miaka inavyozidi ndivyo wenye adabu wanavyolipenda jina hilo kuliko "mzee". Utasikia, "Yule mama ni mtu mzima sasa, mpisheni akae." Tazameni mzaha uliofichwa humo. "Zima" ni neno la ukamilifu na la afya. Chungu kizima ni kile kisicho na ufa, na mgonjwa aliyepona twasema yu mzima. Basi lugha yetu husubiri mpaka magoti yaanze kunung'unika, meno yaanze kuhama na macho yaombe msaada wa vioo, ndipo inapotutunuku cheo cha uzima! Kijana mwenye meno 32 na mgongo ulionyooka bado hajawa mzima. Bibi aliyebakiza meno manne ndiye mtu mzima kamili. Siamini kwamba wahenga waliteleza hapa. Walijua kwamba kinachokamilika ni utu, na mwili ni gari tu linaloubeba, ambalo kwa kawaida huanza kugoma safari ikikaribia pazuri.

Kitazameni na kivumishi "-kuu". Ukikitamka mara moja, ni cheo: mkuu wa shule, mji mkuu, sikukuu. Ukikitamka mara mbili, ni tambara: nguo kuukuu. Basi kilichopo kati ya heshima na utambara ni marudio tu. Kwa Kihaya, lugha ya wenyeji wa hapa kwetu, bibi mzee huitwa omukaikulu, na ile "-kulu" ya mwisho ni ndugu wa damu wa "-kuu" yetu. Namshukuru aliyelisuka neno hilo kwa kuridhika na "-kulu" moja.

Wanasarufi nao watanikumbusha kwamba "uzee", kama "utoto" na "ujana", ni nomino dhahania isiyo na wingi. Hakuna awezaye kuwa na wazee wawili ndani ya mwili mmoja, ingawa kuna asubuhi ambazo ningeapa kwamba mgongo wangu una uzee wake na magoti yana wa kwao, na kwamba pande hizo mbili hazielewani.

Kisha kuna ngazi ya majina ya kuitana, ambayo kila mtu huipanda bila kuombwa ridhaa. Mwanamke wa mjini huanza akiitwa dada. Siku moja konda wa basi humwita anti, naye hugeuka nyuma kutafuta ni nani anayeitwa. Baada ya anti huja mama, hata kwa asiyepata kuzaa, na baada ya mama, bibi. Mwanamume naye hupita kaka, anko, baba, mzee, babu. Hakuna barua ya kupandishwa cheo wala nyongeza ya mshahara. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliuweka mlango wa uzee kwenye miaka 60, lakini muuza nyanya hajaisoma sera. Yeye hutazama mwendo wako unapovuka mtaro, akatoa hukumu.

Hapa Bukoba ngazi hiyo ina kipandio cha ziada. Wahaya hutanguliza "Ta" mbele ya jina la mwanamume wa kuheshimiwa, na "Ma" mbele ya jina la mwanamke. Ni herufi mbili tu, lakini zina uzito wa joho. Siku nilipoitwa "Ma" sokoni kwa mara ya kwanza, niliuliza bei ya mkungu wa ndizi nikapunguziwa kabla sijaomba. Tangu siku hiyo nimeacha kuuita uzee hasara. Hesabu zake nazifahamu.

Hata maamkizi yetu yana vichekesho vyake. Wengi husimulia kwamba "shikamoo" ni mkato wa kauli ya kale ya mdogo kumwambia mkubwa kwamba anaishika miguu yake. Na "marahaba" ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, la kukaribisha. Mpangilio ni bayana: mdogo hutoa, mkubwa hupokea. Tatizo huzuka wanapokutana wawili wa rika moja. Kila mmoja hukimbilia kusema shikamoo, maana atakayeitikia marahaba amekwisha kukiri. Nimewashuhudia mabibi wawili hapa Kashai, wamesimama kando ya barabara na vikapu vyao, wakirushiana shikamoo kama wachezao mdako, mpaka mmoja akachoka na kufoka, "Usinizeeshe, mwenzangu!" Sisi tulio wapenzi wa minyambuliko tulistahimili neno hilo kwa furaha. Kuzeeka hutokea kwenyewe na hakuna wa kulaumiwa. Kuzeesha ni kosa lenye mtenda, na mtenda hukamatwa papo hapo.

Wazee wenyewe hawakungoja kuchekwa, waliwahi kujicheka. Ndio waliotuachia "Ng'ombe hazeeki maini", methali ambayo babu huitamka akiwa ameshika mkongojo kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili, huku akimtupia bibi jicho. Ndio waliosema "Mtu mzima hatishiwi nyau", yaani vitisho vinavyowakimbiza watoto kwake ni sinema alizokwisha kuziona. Vijana nao walipotunga "Fainali uzeeni" walikusudia kuonyana, kwamba asiyeweka akiba leo atakuja kuumbuka kesho. Sisi tuliokwisha kuingia uwanjani tunaisoma methali hiyo kwa furaha nyingine. Wakazi wa mji wenye uwanja wa Kaitaba hawahitaji kufundishwa kwamba mechi nyingi huamuliwa mwishoni, wakati watazamaji wenye haraka wamekwisha kuondoka. Na kwa yule mkongwe anayevaa suruali ya mjukuu na kunyemelea vigoli, lugha imeweka kofi lake tayari: "Mtu mzima hovyo!" Maneno matatu, na hukumu haina rufaa.

Mwili nao, ukiusikiliza bila kinyongo, ni mtani mzuri. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, nasi wa umri wangu tumejaliwa magoti yanayoitangaza mvua kabla ya redio. Vijana waliposema "vyuma vimekaza" walikusudia ukata wa fedha. Sisi tuliyasikia maneno hayo tukadhani hatimaye kuna mtu aliyetuelewa. Msimu wa senene unapowadia, watoto huwatafuna kwa kishindo, nasi huwamumunya kwa taratibu za kidiplomasia, jino moja likishauriana na lingine. Mgeni akifika nyumba ya Kihaya hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Ninamfahamu mzee mmoja asiyebakiza hata gego, naye huipokea buni yake, huiweka shavuni kwa adabu zote, na huondoka nayo vilevile ilivyokuja. Heshima imetimia, na buni imesalimika.

Kumbukumbu nayo ina upendeleo wake. Sikumbuki nilikoweka funguo saa moja iliyopita, bali naikumbuka Oktoba ya mwaka 1978, ndege za Idi Amin zilipoutisha mji wa Bukoba nasi tukakimbia na vyungu vikiwa mekoni. Muulize mtu mzima wa hapa umri wake, mara nyingi hatakupa tarakimu. Atakuambia, "Wakati wa vita vya Amin nilikuwa tayari nabeba ndoo kichwani," kisha akuachie hesabu. Kalenda ya namna hiyo haina tarehe za kukosea, na ina faida kwamba mwenyewe anaweza kuchagua ukubwa wa ndoo.

Sasa msomaji makini ataniuliza: ni nani aliyepewa ruhusa ya kucheka haya? Swali ni zuri, na jamii zetu zililijibu zamani kwa kuweka utani wa babu, bibi na wajukuu. Baba na mama huogopwa. Babu na bibi hutaniwa. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mjukuu wa kiume humwita bibi yake mchumba, na wa kike hupokewa na bibi kama mke mwenza, akatuhumiwa kwa uwongo na kweli kwamba amekuja kumnyang'anya babu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kumwambia babu kwamba kichwa chake kinang'aa kama sufuria mpya, na babu akamjibu kwamba angalau chake hakina chawa. Kanuni mbili zinaushika utani huo usigeuke dharau: wa kwanza, kila mmoja ana haki ya kujibu, wa pili, anayetania ndiye huyohuyo atakayemshika mkono mwenziwe kumvusha barabara. Kicheko kisicho na kanuni hizo kina jina lingine, nacho ndicho kinachonipeleka kwenye gharama niliyoitaja.

Rudini kwenye shina "-zee". Livisheni kiambishi "m-", mnapata mzee, neno la heshima linalotumika hata kwa kiongozi wa miaka 40. Livisheni "ki-", mnapata kizee. Kiambishi hiki hudunisha, na katika ngano zetu kimezoea kuandamana na mtu wa jinsia moja: bibi kizee. Nanyi mnamjua. Anaishi peke yake mwisho wa kijiji, ana macho mekundu, anakoroga chungu, na mtoto akipotea hadithini twajua tuanzie wapi kumtafuta. Tofauti hiyo ya "m-" na "ki-" huonekana hata kwenye kurasa za michezo na burudani. Mwanamuziki aliyedumu huitwa mkongwe; Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 ni klabu kongwe, na hakuna anayezihurumia. Lakini mwanamke wa miaka 80 akitajwa kwenye habari huwa ni kikongwe, na mara nyingi habari yenyewe ni ya msiba au ya ukatili.

Hili si suala la sarufi peke yake. Katika baadhi ya sehemu za Kanda ya Ziwa na za magharibi mwa nchi, wanawake wazee wamepata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jiko la miaka mingi, yakahesabiwa kuwa ushahidi. Sisemi kwamba ngano ndizo zilizoshika panga. Nasema kwamba mtu ambaye amemsikia bibi kizee hadithini mara mia, wala hajawahi kumsikia akicheka isipokuwa kicheko cha kutisha, ana njia fupi zaidi ya kumwogopa jirani yake. Na mtu anayeogopwa hutaniwi naye, huombi chumvi kwake, wala huketi naye barazani. Utani ni ulinzi. Mtoto aliyewahi kuitwa "mume wangu" na bibi mwenye macho mekundu, akapewa ndizi ya kuchoma kisha akafukuzwa kwa mzaha, haitakuwa rahisi kumshawishi kesho kwamba bibi huyo ni zimwi.

Hapo ndipo ninapowageukia washairi wenzangu. Ushairi wetu una hazina kubwa ya sauti za uzeeni, lakini milango yake mikuu ni miwili. Mmoja ni wa wosia. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua safari i karibu, na tangu hapo mtu mzima katika tenzi zetu huketi mkekani, hukohoa kidogo, kisha huusia. Mlango wa pili ni wa majuto: nguvu zimepotea, uzuri umenyauka, marafiki wametangulia. Milango yote miwili ni halali, na mashairi yaliyoipitia ni ya thamani. Lakini nyumba ina dirisha pia, na kupitia dirisha hilo watu wanasikika wakicheka. Kwa nini tunatunga kana kwamba hakuna mtu aliyepata kutimiza miaka 70 akafurahi siku nzima?

Waliotutangulia katika sanaa wametuonyesha kwamba inawezekana. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, aliimba taarabu na kupiga ngoma za unyago kwa miongo mingi, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX akiwa na umri ambao wengi wetu hatutaufikia. Alipofariki dunia tarehe 17 Aprili 2013, hakuna aliyeweza kuitaja kwa hakika tarehe ya kuzaliwa kwake. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2006 ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya "mkongwe sawa na ulimi wangu", nami sijui njia bora zaidi ya kumweleza msanii mtu mzima. Meno huja baadaye na huondoka mapema. Ulimi huja nawe na huondoka nawe. Watu hawakwenda kumsikiliza bibi huyo kwa huruma. Walikwenda kwa kuwa alifurahi jukwaani kuliko wao walivyofurahi vitini.

Na upande wa pili wa ziwa hili ninalolitazama, katika kisiwa cha Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alimaliza kuiandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, lugha iliyo jamaa wa karibu wa Kihaya, mwaka 1945. Miaka ikapita bila mchapishaji. Akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikachapishwa na Tanzania Publishing House, mwandishi akiwa amekwisha kufikisha miaka 84. Mwaka uliofuata akafariki. Wengi husimulia habari hiyo kwa huzuni, nao wana haki. Mimi huisoma pia kwa tabasamu, kwa sababu ndani ya riwaya hiyo kuna mume na mke wanaopendana, ulevi wa pombe ya ndizi, ugomvi wa wakwe na mizaha ya ujirani, yote yamehifadhiwa na mtu aliyeuona ujana ukimpita na asiupunguzie chumvi. Fainali uzeeni, kwa maana bora ya msemo huo.

Najua litakalosemwa dhidi yangu. Litasemwa kwamba uzee wa Kagera si jambo la mzaha. Mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mababu na mabibi wengi wa Bukoba na Muleba walizika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu, migongo ikiwa imekwisha kuchoka. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee fukara pensheni ndogo ya kila mwezi tangu mwaka 2003, kwa kuwa wakulima wa migomba hawana kiinua mgongo kinachowangoja. Atakayewaambia watu hao wacheke tu, atakuwa amewakosea.

Sijawaambia wacheke. Nasema kwamba tayari wanacheka, na kwamba sisi ndio viziwi. Kaeni na mabibi waliolea wajukuu sita kwa jembe moja; baada ya nusu saa mtasikia vichekesho ambavyo hamtathubutu kuvirudia mbele ya watoto wenu. Kicheko hicho hakiifuti dhiki. Kinamkatalia tu mtazamaji anayetaka kuwaona kama dhiki tupu. Anayetunga shairi la kumlilia bibi wa Muleba bila kuutaja utani wake, amemchora nusu, tena ile nusu iliyo rahisi kuhurumiwa na rahisi kusahauliwa. Pensheni ni haki yake, na dirisha la wazee hospitalini ni haki yake. Kuchekesha na kuchekeshwa ni haki yake pia, na hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu washairi.

Nisije nikaambiwa kwamba nahubiri nisilotenda, nimejaribu beti mbili za tarbia, mizani 16. Mkosoe mizani kwa ukali mpendavyo, bali umri wangu mniachie:

Naamka asubuhi, magoti yanalalama,
Miwani naisabahi, kichwani imeshahama,
Mjukuu anawahi, kucheka hadi kuhema,
Utu uzima si homa, mwenye kicheko mzima.

Yamekwisha aga meno, ulimi bado wasema,
Umebaki na maneno, ya kale yenye heshima,
Msinililie mno, bado naicheza ngoma,
Utu uzima si homa, mwenye kicheko mzima.

Ninachowaomba ni kidogo. Kila mmoja wenu anaye mtu mzima wake: babu anayeitafuta simu huku akizungumza nayo, shangazi anayepunguza miaka kila sensa inapokuja, mzee wa jirani aliyekataa mkongojo mpaka alipogundua kwamba unafaa pia kwa kufukuzia kuku. Mtungieni yeye, kwa jina lake la heshima na kwa kiambishi chake cha "m-". Kabla hamjalipeleka shairi kokote, msomeeni yeye kwanza. Akicheka, mmefaulu. Akicheka kisha akawajibu kwa ubeti mkali kuliko wenu, jueni kwamba utani umefuata kanuni, na mwandikeni ubeti wake chini ya wenu.

Na wale watakaoendelea kuushusha uzee wao Chalinze, sina ugomvi nao. Waushushe taratibu tu, usije ukavunjika; huenda wakauhitaji wakirudi. Mimi naomba radhi kukatiza hapa. Magoti yametangaza mvua, na nguo zangu bado ziko kambani.